Nimonia huondoka, pumzi hukawia

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2021 nilisimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwafundisha somo ambalo nimelifundisha kwa zaidi ya miaka kumi. Lilikuwa somo la ala za sauti. Kila mwalimu wa isimu ana desturi yake ya kulianza. Yangu ilikuwa kusema kwamba takribani sauti zote za Kiswahili hutamkwa kwa hewa itokayo mapafuni, kisha kuyaacha mapafu papo hapo na kupanda hadi kooni kwenye nyuzi za sauti, na kutoka hapo kuendelea na ulimi, kaakaa, meno na midomo, maana huko ndiko yaliko maswali ya mtihani. Siku hiyo sikufika kooni. Nilisema, "Hewa hutoka katika..." pumzi ikanikatikia. Nikashika meza kwa mikono miwili. Darasa zima likanyamaza. Binti mmoja aliyeketi mbele akanimalizia kwa upole: "Mapafu, mwalimu."

Wiki tano kabla ya siku hiyo nilikuwa nimelazwa kwa nimonia iliyoletwa na virusi vya korona. Nilikaa wodini siku tisa, na siku sita kati ya hizo nilikuwa na mpira wa oksijeni puani. Nilipopata nafuu nilipimwa tena, nikapewa karatasi iliyosema kwamba sikuwa na virusi. Niliipeleka kazini. Afisi iliyohusika iliisoma ikaridhika. Maadamu sikuwa na virusi, nilikuwa mzima. Na maadamu nilikuwa mzima, ratiba ilikuwa ikinisubiri, vipindi vyote, pamoja na vile vya ghorofa ya tatu.

Simwandikii msomaji ili nimlaumu mtu. Waliosoma karatasi ile waliisoma sawasawa. Kosa lilikuwa katika swali, si katika jibu. Karatasi ilijibu swali la iwapo virusi vimo mwilini. Hakuna aliyeuliza iwapo mapafu yangu yaliweza kazi yake. Nami nataka kusema leo kwamba haya ni maswali mawili mbalimbali, na kwamba shule na vyuo vyetu vinawaumiza walimu na wanafunzi wengi kwa kuyachanganya.

Ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe ilikwisha kuyatenganisha kitambo. Wazee wa Pwani walipotaka kusema kwamba mtu ni mgonjwa walisema, "Fulani hawezi." Wakaishia hapo. Msikilizaji hakuuliza "hawezi nini?" kwa sababu alielewa. Mgonjwa aliyeulizwa hali yake alijibu "siwezi", na aliyezidiwa "hajiwezi". Ugonjwa, kwa mujibu wa msemo huo, haukupimwa kwa kilichomwingia mtu mwilini, bali kwa yale ambayo mtu alishindwa kuyatenda: kuinuka, kuteka maji, kwenda shamba, kusema. Kwa upande mwingine tuna kitenzi "kupona". Sisi walimu hukifundisha kana kwamba maana yake ni kurudi katika afya. Lakini tazama tunavyokitumia. Aliyenusurika ajali ya matatu ameponea chupuchupu, hata kama amevunjika miguu yote miwili. Kupona ni kuokoka. Kati ya kuokoka na kuweza pana safari, na wenye lugha hii waliijaza safari hiyo kwa maneno: nafuu, ahueni, hajambo kidogo, anajikongoja. Leo tumeyatupa yote hayo tukabaki na mawili, mgonjwa na aliyepona, kama swichi ya taa.

Madaktari wanaoyashughulikia mapafu hutumia msamiati unaofanana na wa wazee wale. Wao husema juu ya uwezo wa mapafu. Ili kuelewa kwa nini uwezo huo huchelewa kurudi, yafaa tuyatazame mapafu kwa makini kidogo kuliko nilivyozoea kufanya darasani.

Mapafu si mifuko miwili mitupu kama puto, ijapokuwa ndivyo tunavyoyachora ubaoni. Bomba la hewa hugawanyika mara mbili, na kila tawi hugawanyika tena na tena, mfano wa mti uliopinduliwa, hadi kufikia vifuko vidogo sana vya hewa ambavyo kwa mtu mzima idadi yake ni mamia ya mamilioni. Vifuko hivyo vyote vikikunjuliwa na kutandazwa, hufunika eneo la mita za mraba zipatazo 70, yaani zaidi ya sakafu ya madarasa yetu mengi. Ukuta wa kifuko, pale ulipo mwembamba, haufiki hata unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Upande mmoja wa ukuta huo mna hewa, na upande wa pili mna mshipa wa damu mwembamba kuliko unywele. Oksijeni huvuka kutoka huku kwenda kule. Uhai wetu wote hutegemea uvukaji huo.

Virusi vinaposhuka hadi kwenye vifuko, mwili huinuka kupigana navyo, na uwanja wa mapigano ni ukuta huo mwembamba. Kuta huvimba, maji huvuja na kujaa mahali palipokuwa pa hewa, na chembechembe zilizokufa hurundikana. Katika nimonia ya korona, aghalabu damu pia huganda katika mishipa midogo iliyozunguka vifuko. Mgonjwa huvuta hewa ikaingia, lakini haivuki. Ndipo anapotweta huku kifua chake kikipanda na kushuka kwa kasi. Siku virusi vinapokwisha, uvimbe haukwishi siku hiyo. Maji hufyonzwa polepole, takataka huondolewa polepole, kuta hujengwa upya polepole. Mahali pengine panaposhindwa kujengwa upya hubaki kovu, na kovu la pafu, kama kovu lolote, ni gumu na halinyumbuki. Isitoshe, mtu aliyelala kitandani wiki mbili amepoteza nguvu za misuli, pamoja na misuli ya mbavu na kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ambacho ndicho hasa kinachoivuta hewa ndani.

Je, uwezo huo hupimwaje? Kipimo cha kale zaidi kati ya vinavyotumika leo ni cha kupuliza. Mwaka wa 1846, daktari John Hutchinson wa London alitangaza matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 2,000 kwa chombo alichokiita spirometa. Mtu huvuta hewa mpaka kifua kijae, kisha huipuliza yote mpaka iishe, na chombo huonyesha ni lita ngapi zimetoka. Hutchinson aligundua kwamba kiasi hicho huongezeka kadiri kimo cha mtu kinavyoongezeka. Leo spirometa huuliza maswali mawili: umepuliza kiasi gani kwa jumla, na katika sekunde ya kwanza umetoa kiasi gani? Mwenye pumu hutoa pole pole kwa sababu njia zake zimebana. Aliyetoka kwenye nimonia kali huweza kutoa upesi, lakini jumla yake ikawa ndogo, kwa sababu pafu lake halitanuki kama zamani.

Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawajakisikia, nacho ndicho chenye siri ya jambo hili. Msingi wake uliwekwa na mwanamke wa Denmark, daktari Marie Krogh, katika utafiti alioutangaza mwaka wa 1915. Mtu huvuta mchanganyiko wa hewa wenye chembe ndogo sana ya gesi ya kaboni monoksidi, hubana pumzi kwa sekunde kumi hivi, kisha huitoa. Kwa kuwa gesi hiyo hunaswa na damu kwa urahisi, kiasi kilichopungua katika hewa iliyotoka huonyesha jinsi ukuta wa vifuko unavyopitisha. Spirometa hupima mlango. Kipimo hiki hupima uvukaji.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili ilionekana wazi huko Hong Kong baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS wa mwaka wa 2003, ambao nao ulisababishwa na aina ya virusi vya korona. Madaktari waliwapima watu 97 mwaka mmoja baada ya kuugua. Kwa upande wa kupuliza, ni watu 4 tu waliokuwa chini ya asilimia 80 ya kiwango kilichotarajiwa. Kwa upande wa uvukaji wa gesi walikuwa 23. Kwa maneno mengine, takribani mtu mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu mwaka mzima baadaye, na wengi wao wangepimwa kwa kupuliza tu wangeambiwa ni wazima.

Ugonjwa wa korona ulipozuka, hadithi ilijirudia kwa wingi zaidi. Katika utafiti uliochapishwa Januari mwaka wa 2021 kuhusu wagonjwa waliotoka hospitalini mjini Wuhan, China, miezi sita baada ya kuanza kuugua, asilimia 56 ya waliopimwa kutoka kundi lililougua vibaya zaidi walikuwa na upungufu wa uvukaji wa gesi. Hata katika kundi la waliolazwa bila kuhitaji oksijeni, upungufu huo ulionekana kwa asilimia 22. Naomba mwalimu mwenzangu azingatie takwimu hiyo ya mwisho. Hawa ni wale ambao majirani wangesema hawakuugua sana.

Habari njema ni kwamba mapafu hujitahidi. Wahudumu wa afya wa Beijing walioambukizwa SARS mwaka wa 2003 walifuatiliwa hadi mwaka wa 2018, ikadhihirika kwamba madhara ya mapafu yalikuwa yamepungua sana kwa wengi wao, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilipatikana katika miaka miwili ya kwanza. Lakini tuliseme neno hilo tena: miaka miwili. Si siku kumi na nne, wala si muhula mmoja.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi Waafrika kwa namna ya pekee. Wakati wa janga, familia nyingi zilinunua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Ni kifaa chenye manufaa, nami nilikitumia. Lakini kifaa hicho hufanya kazi kwa kupitisha mwanga katika ngozi, na ngozi nyeusi huweza kukidanganya. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2020 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea asilimia 92 hadi 96, yaani hali isiyotisha, damu ya mshipani ilipopimwa moja kwa moja asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikutwa chini ya 88, kiwango cha hatari. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Spirometa nayo ina kasoro ya aina hiyo katika historia yake. Kwa muda mrefu, katika nchi kadhaa, kiwango kilichotarajiwa kwa mtu mweusi kilipunguzwa kwa asilimia 10 hadi 15, kwa dhana kwamba mapafu yake ni madogo kwa maumbile. Matokeo yake ni kwamba mtu mweusi aliyepoteza sehemu hiyo ya pumzi yake kwa maradhi aliweza kuandikiwa kwamba yuko sawa. Ni mwaka wa 2023 tu ambapo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza kwamba hesabu ya rangi iachwe. Basi mtu anapokuambia, "Nimepimwa niko sawa, lakini siwezi kupanda ngazi," usikimbilie kuamini kipimo na kumkadhibisha mtu.

Ndiyo maana napenda kipimo cha tatu, ambacho hakihitaji mtambo. Mgonjwa huambiwa atembee kwa dakika sita kwenye njia iliyonyooka, kwa kadiri awezavyo, akiruhusiwa kusimama anapochoka. Mhudumu hupima umbali aliotembea, na humwuliza jinsi anavyojisikia. Basi. Hicho ni kipimo cha "anaweza nini", na wazee wetu wa Pwani wangekielewa mara moja.

Sasa turudi darasani. Sauti ni pumzi iliyotiwa kazi. Tunapokaa kimya, kuvuta hewa huchukua takribani sehemu mbili kwa tano za muda wa kila pumzi. Tunapozungumza, huchukua sehemu moja kwa kumi hivi: tunavuta haraka, kisha tunaitoa hewa taratibu na kwa vipimo huku tukipanga maneno juu yake. Msemaji mwenye afya huvuta pumzi mahali sarufi inapomruhusu, mwishoni mwa kishazi au sentensi, bila hata kujua kwamba anafanya hivyo. Aliyepungukiwa na pumzi hana anasa hiyo. Mwanafunzi mmoja aliniletea maandishi aliyoyaandika katika mhadhara wangu wa mwezi ule ili niyasahihishe. Niliona mikato mahali pasipo na mkato: "Kiima cha, sentensi hii ni, nomino." Nilitaka kumkosoa. Kisha nikatambua kwamba alikuwa ameandika kwa uaminifu mahali nilipovuta hewa.

Mwalimu wa shule ya msingi ana shida zaidi yangu. Mimi nina kipaza sauti siku ambazo umeme upo. Yeye ana watoto hamsini au zaidi, paa la mabati linalonguruma mvua inaponyesha, na vumbi la chaki. Anapaswa kusimama, kusema kwa sauti ya juu, kuandika ubaoni, kupita kati ya madawati, kisha jioni kusimamia michezo. Mwalimu kama huyo aliyerudi kazini wiki tatu baada ya nimonia, akaonekana ameketi akifundisha, ataitwa mvivu. Na mwanafunzi wa bweni aliyetoka hospitalini, akashindwa na mbio za alfajiri, ataambiwa anajifanya. Nimewahi kumsikia mwalimu wa zamu akimwambia kijana wa namna hiyo, "Daktari amesema umepona, au wewe unajua kuliko daktari?" Kijana alikimbia. Aliporudi alikaa chini ukutani, midomo imemkauka, na hakuweza kujibu jina lake lilipoitwa.

Najua patakuwa na watakaonipinga. Watasema kwamba tukifungua mlango huu, kila mzembe atadai kwamba mapafu yake hayajarudi. Wakuu wa shule watasema kwamba mtaala haungoji mtu na kwamba walimu hawatoshi. Hoja hizo zina uzito, nami sizipuuzi. Hata hivyo, nawaomba wapime gharama ya upande wa pili. Mwalimu anayelazimishwa kubeba vipindi vyote akiwa na nusu ya pumzi hufundisha vibaya mwezi wa kwanza, hulazwa tena mwezi wa pili, na huenda asirudi mwezi wa tatu. Yule anayeanza na vipindi vichache hurudi mzima. Kuhusu mzembe, dawa yake ni kile kipimo cha kutembea dakika sita na barua ya kliniki. Hatuwezi kuwaadhibu wagonjwa wote kwa sababu ya mlaghai mmoja.

Tukumbuke pia sheria inasemaje. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi, kama kiwango cha chini kabisa kwa mwaka, siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara. Waajiri wengi hutoa zaidi ya hapo, lakini wapo walimu, hasa wa shule za kibinafsi na wale walioajiriwa kwa mikataba ya muda, ambao hilo ndilo tegemeo lao lote. Siku kumi na nne humtosha aliyeumwa na mafua. Aliyetoka kwenye oksijeni hazimfikishi hata mlangoni. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya madhara yanayobaki baada ya korona kuwa ile ambayo kwa kawaida huonekana miezi mitatu tangu ugonjwa kuanza na kudumu kwa angalau miezi miwili. Ikiwa maelezo yenyewe huanza kuhesabu kwa miezi, sisi tunahesabuje kwa siku?

Wala asiseme mtu kwamba mambo haya yamepita. Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei mwaka wa 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Lakini virusi vyenyewe havikutangaza kustaafu, na si vyenyewe tu viletavyo nimonia. Homa ya mafua huileta, surua huileta kwa watoto wasiochanjwa, na vipo virusi vingine vinavyojaza wodi za watoto wachanga kila mwaka. Kila mwaka, basi, watakuwako walimu na wanafunzi wanaorudi shuleni wakiwa wameokoka lakini bado hawawezi.

Je, tufanyeje? Kwanza, anayerudi arudi kwa ngazi: vipindi vichache wiki za mwanzo, darasa la chini badala ya la ghorofani, ruhusa ya kuketi, na kusamehewa michezo na zamu mpaka aweze. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji mkuu wa shule aliye tayari kuipanga upya ratiba. Pili, tusiigeuze subira kuwa uvivu wa kweli. Mapafu na misuli huhitaji mazoezi ya polepole: kutembea kidogo kila siku na kuongeza hatua, kupumua kwa tumbo, na kutoa hewa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza uji wa moto. Anayezidiwa siku ya pili baada ya kujikaza apunguze, asijitese. Tatu, akae mbali na moshi, uwe wa sigara au wa jiko la kuni. Nne, asiyepata nafuu arudi hospitalini. Kikohozi kinachopita wiki mbili, homa za usiku, kukonda au kukohoa damu visidhaniwe kuwa mabaki ya nimonia. Makohozi yapimwe, maana kifua kikuu kingali nasi. Na anayeanza kutweta ghafla, au anayesikia kichomi kikali anapovuta pumzi, asingoje kesho.

Kuna jambo dogo nililojifunza ambalo yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Daktari wangu aliniambia nivute pumzi moja, kisha nihesabu kwa sauti, bila haraka, mpaka hewa iishe. Nilipotoka wodini nilifika nane. Siku ile niliyokatikiwa darasani, kumi na mbili. Nilikuwa nikiandika idadi kila Jumapili nyuma ya kalenda ya jikoni. Mwenye isimu hawezi kuacha kutambua kwamba namba zetu hurefuka baada ya kumi, na kwamba "kumi na nane" hula hewa kuliko "nane". Kwa hiyo idadi hiyo haifai kulinganishwa na ya Mwingereza, wala hata na ya jirani. Mtu ajilinganishe na nafsi yake ya juma lililopita. Krismasi ya mwaka ule nilifika kumi na tisa. Juni iliyofuata, mwezi wa kumi na moja baada ya kulazwa, nilifika thelathini na moja, nikaenda kupanda ngazi za ghorofa ya tatu bila kusimama njiani.

Katika miezi hiyo yote neno moja halikuniacha. "Pumua", "pumzi" na "pumzika" ni ndugu wa ukoo mmoja. Katika Kiswahili, kupumzika si kukaa bure. Ni kuipata tena pumzi. Kengele ya mapumziko inayolia shuleni kila siku hutuambia hivyo, nasi hatuisikii.

Kila mwaka sasa, ninapoanza somo la ala za sauti, siyapiti mapafu mbio. Huwaambia wanafunzi wavute pumzi moja na kuhesabu pamoja kwa sauti. Darasa hunguruma, kisha sauti hupungua moja baada ya moja, wengine wakicheka, mpaka abaki mmoja au wawili. Huwaomba watakaokuwa walimu waikumbuke ile sauti ya kwanza kukoma. Mwenye sauti hiyo atakuwa katika darasa lao siku moja, au katika chumba chao cha walimu, akiwa na karatasi mkononi iliyoandikwa kwamba hana virusi. Wasimwulize iwapo amepona. Wamwulize anaweza nini, kisha waipange ratiba kwa jibu lake.